Video inaganda kutoka NAS kwenda kwenye TV: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nimeamua kuandika hii kwa sababu kila wiki kuna mtu ananipigia, shemeji, jirani, mtoto wa shangazi, na stori ni ile ile: video zipo kwenye diski ya mtandao (ndiyo NAS) pale sebuleni, TV inaziona vizuri tu, ukibonyeza pleyi inacheza dakika mbili halafu kiduara kinaanza kuzunguka. Na karibu wote wanakuwa wameshaongeza kifurushi cha intaneti kabla ya kunitafuta, hela imeenda na video bado inaganda, kwa hiyo naanza na hilo kwanza.

Nikiongeza spidi ya intaneti si itaacha kuganda?

Hapana, na naomba hili lieleweke kabla hujatoa hela. Video inayotoka kwenye NAS yako haigusi intaneti kabisa, inatoka kwenye diski, inapita kwenye ruta au swichi yako, inafika kwenye TV, basi, safari yote iko ndani ya kuta za nyumba yako. Hata bando likiisha usiku inatakiwa iendelee kucheza. Ukitaka kuhakikisha, chomoa ule waya unaoleta intaneti kwenye ruta, ruta yenyewe uiache inawaka, halafu cheza video kwa Kodi au Jellyfin, hizi ni programu za kuchezea video zako za nyumbani, utaona inacheza vile vile kama ilivyokuwa. Plex, programu nyingine ya aina hiyo, ndiyo inaweza kukusumbua kidogo hapo maana inapenda kuhakiki akaunti mtandaoni, ila kwenye setingi za seva yake kuna sehemu ya kuruhusu anwani za nyumbani bila kuhakikiwa, iweke mapema wakati intaneti ipo.

NAS lazima niinunue? Sina hela ya kile kiboksi.

Sio lazima. NAS ni kompyuta yoyote yenye diski ambayo wengine ndani ya nyumba wanaweza kuifikia kupitia mtandao. Laptopu ya zamani yenye kioo kilichopasuka inafanya kazi hiyo vizuri tu, Raspberry Pi 4 na diski ya nje pia inatosha. Ila ile poti ya USB nyuma ya ruta, nyingi nilizojaribu zinachoka haraka, ruta ndogo ina kichwa kidogo na wakati huo huo inahudumia simu za nyumba nzima. Kwa picha na miziki sawa, kwa video nzito hapana.

Sawa, inaganda. Nianzie wapi kutafuta kosa?

Anza na flashi. Chukua ile ile video inayoganda, inakili kwenye flashi au diski ya nje, chomeka moja kwa moja kwenye TV au kile kiboksi chako, cheza. Ikiganda na hapo basi mtandao hauna kosa, kosa ni faili au TV yenyewe haiwezi kuifungua, na unaweza kuhangaika na waya mwezi mzima bila kupata kitu. Ikicheza safi kwenye flashi basi kosa liko njiani au kwenye NAS. Kipimo hiki kinachukua dakika kumi na kimeniokolea siku nzima nzima za kubahatisha, lakini watu wanakiruka, wanakimbilia kurizeti ruta, na ukirizeti ruta unafuta setingi zote sasa una matatizo mawili.

Angalizo: kama flashi imefomatiwa kwa FAT32 haitakubali faili moja linalozidi GB 4, utaambiwa faili ni kubwa mno wakati nafasi unaiona ipo. Ifomati kwa exFAT, na kumbuka kufomati kunafuta kila kilichomo.

Nitajuaje video yangu inahitaji spidi gani?

Hesabu ndogo tu. Chukua ukubwa wa faili kwa GB, zidisha kwa 8000, gawanya kwa sekunde za video. Mfano faili la GB 27 lenye urefu wa saa moja, yaani sekunde 3600, linatoka megabiti 60 kwa sekunde. Hiyo ni wastani, sehemu zenye vurugu nyingi kama watu wanacheza, maji, majani yanayopepea, zinapanda juu ya hapo kwa muda, kwa hiyo jiachie nafasi, mimi huwa nataka njia iweze angalau mara moja na nusu ya wastani.

Na msichanganye megabiti na megabaiti jamani. Megabaiti moja ni megabiti 8. Kompyuta ikikuonyesha inanakili kwa megabaiti 11 kwa sekunde, hiyo ni kama megabiti 90 tu, na hiyo namba 11 ikumbukeni maana inarudi hapo chini.

Nimeunga kwa waya kabisa, si waifai, na bado inaganda. Inawezekanaje?

Hili ndilo nililokuwa nalitaka, maana limenigusa mwenyewe. Tulikuwa Tanga kwa mama mkubwa, ndugu wote wamekaa mkeka mpaka nje barazani, tunaangalia harusi ya binamu yangu, mpiga picha alitupa video kama ilivyotoka kwenye kamera bila kuipunguza. Ikaenda vizuri kwenye hotuba, hotuba mtu amesimama tu hakuna kinachosogea, tulipofika bibi harusi anaingia na wamama wanacheza na vigelegele, ikaganda. Tukairudisha nyuma, ikaganda pale pale. Bibi yetu, ambaye hakuweza kuhudhuria kwa sababu ya miguu, alikuwa anasubiri hicho kipande tu. Nilijisikia vibaya sana, nikalala na hilo jambo kichwani.

Kesho yake nikapima. Kamera nyingi za sasa zikirekodi 4K zinaandika megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni GB 45. Na poti ya waya ya TV nyingi, hata hizi za bei mbaya, ni ya megabiti 100, ambayo ukitoa gharama za njiani unabaki na kama 94 halisi. Sasa mia haiwezi kupita kwenye tisini na nne. Hotuba ilipita kwa sababu pale video ilikuwa nyepesi, na ngoma ilipochanganya ikazidi mlango. Ajabu yake ni kwamba waifai nzuri ya 5 GHz inaweza kuipita hiyo poti ya waya, kwa hiyo kuna nyumba ambazo kuchomoa waya ndiyo dawa, najua inasikika kinyume ila ndivyo ilivyo.

Dawa nyingine ni kutotumia poti ya TV: nunua kiboksi chenye poti ya gigabiti, yaani megabiti 1000, kisha peleka kwenye TV kwa HDMI. Raspberry Pi 4 inayo gigabiti halisi, Raspberry Pi 3 B ya kawaida haina, ni 100 tu. TV kadhaa za Android zinakubali kile kidude cha USB cha kugeuza kuwa etheneti, lakini sio zote, azima kwanza ujaribu kabla hujanunua.

Kila kitu changu ni cha gigabiti, lakini nikinakili faili napata megabaiti 11 tu.

Hiyo ndiyo namba niliyosema mkumbuke. Ukiona 11 au pungufu kidogo, na haipandi hata ufanyeje, basi kuna mahali njia imeshuka mpaka 100, na mara nyingi ni waya. Waya wa mtandao una nyuzi nane, spidi ya 100 inatumia nne tu, zile za namba 1, 2, 3 na 6, gigabiti inazitaka zote nane. Ukikatika mmoja kati ya zile nne za ziada mtandao haufi, unashuka kimya kimya mpaka 100 na hakuna anayekuambia. Nimeona waya umebanwa na mlango, umetafunwa na panya, au aliyefunga RJ45, ile plagi ya mwisho wa waya, aliunga nyuzi nne tu kwa sababu intaneti ilifanya kazi akaona imetosha.

Na mnaponunua waya kwa mita pale Kariakoo au popote, kwaruza uzi kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, ni mwepesi, unakatika ukiukunja mara kadhaa na kwa umbali mrefu unapoteza nguvu. Tafuta shaba tupu, waya wa daraja la Cat5e unatosha nyumbani, usikubali kuuziwa Cat8 ya dhahabu kwa ajili ya sebule.

Ukitaka kipimo cha uhakika kuna programu ya bure inaitwa iperf3, unaiweka kwenye NAS na kwenye laptopu, inapima njia peke yake bila kuhusisha diski. Gigabiti nzima inatoa kama megabiti 940. Ukipata hiyo na video bado inaganda, waya acha, hamia kwingine.

Nyumba yangu ina kuta nene, waifai haifiki vizuri sebuleni.

Mjomba wangu anakaa Mji Mkongwe, Zanzibar, zile nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wa mkono mzima, 5 GHz inakufa kwenye ukuta wa kwanza. Hapo hakuna setingi itakayokusaidia, pitisha waya hata kama ni pembeni ya ngazi. Nyumba za tofali za kawaida zina nafuu.

Mengine ya waifai: usitumie 2.4 GHz kwa video nzito, majirani wote wako huko na maikrowevu pia, na kama huna budi basi tumia chaneli 1, 6 au 11 maana ndizo haziingiliani. NAS yenyewe iwe kwa waya siku zote, kwa sababu NAS ikiwa kwa waifai na TV kwa waifai, kila kipande cha video kinaruka hewani mara mbili, kwenda kwenye ruta na kutoka, spidi inakatika karibu nusu. Na kitu ambacho wengi hawakijui, diski ya USB 3 ikikaa imegusana na ruta inatoa kelele kwenye 2.4 GHz, isogeze hata nusu mita.

TV haiioni kabisa NAS, wakati simu inaiona.

Angalia anwani za IP. Kama NAS ni 192.168.0.kitu na TV ni 192.168.1.kitu, viko kwenye mitandao miwili tofauti, na hii ni kwa sababu una ruta mbili, ile ya kampuni ya intaneti na ile uliyonunua mwenyewe, kila moja inagawa anwani zake. DLNA, ile njia ambayo TV inatumia kugundua na kucheza video za mtandao wa nyumbani, inatafuta kwa kuita kwa sauti ndani ya mtandao mmoja tu, hasikii wa chumba cha pili. Ruta ya pili ibadilishe iwe akses pointi, yaani itoe waifai tu bila kugawa anwani, imekwisha. Sababu nyingine ni TV kuwekwa kwenye waifai ya wageni, ile imetengenezwa makusudi vifaa visionane.

Kama ilikuwa inaonekana jana na leo haipo, basi umeme ulikatika, ruta ikawaka upya na NAS ikapewa anwani mpya, wakati Kodi bado inaitafuta ile ya zamani. Ingia kwenye ruta uipe NAS anwani ya kudumu, ni kazi ya mara moja.

Inaniomba jina na paswedi, naweka sahihi, inakataa.

Hapa ni SMB, ile njia ya kushea folda ya Windows. Toleo la kwanza, SMB1, ni la zamani na lina tundu, ndilo kirusi cha WannaCry kilipitia mwezi wa tano 2017, na baadaye mwaka huo huo Windows 10 ikaanza kuja bila hilo toleo. Kwa hiyo kiboksi cha zamani kinachojua SMB1 peke yake kinagonga mlango na hakuna anayeitika. Msiiwashe tena SMB1 nawaomba, hata kama kuna video inakufundisha. Kodi kuanzia toleo la 18 inajua SMB2 na SMB3, iapdeti. Kifaa kikiwa hakiapdetiki basi tumia DLNA au weka Jellyfin.

Pia acheni kushea folda bila paswedi, matoleo mapya ya Windows yanamkataa mgeni asiye na jina. Tengeneza mtumiaji mmoja kwenye NAS, mwite sebule, mpe ruhusa ya kusoma tu asiweze kufuta, watoto wakibonyeza ovyo rimoti hawatakuharibia kitu.

SMB, NFS, DLNA, ipi nzuri?

Kodi kwa NFS, njia ya kushea folda iliyozoeleka kwenye Linux, ni nyepesi kuliko zote, kifaa dhaifu kitakushukuru. SMB ni rahisi kuiweka. DLNA inashikika na TV karibu zote ila haina adabu ya kukumbuka ulipoishia. Ukiwa na familia inayotaka mabango mazuri ya picha na kila mtu na ukurasa wake, Jellyfin, ni ya bure kabisa, unaifungua kwenye poti 8096.

Sauti inatoka lakini picha nyeusi. Au picha ipo, sauti hakuna.

Ni kodeki, yaani lugha iliyotumika kufunga video. Sauti hakuna mara nyingi ni DTS, TV za Samsung tangu modeli za 2018 haziifungui, na LG nazo ziliiacha mwaka 2020. Badilisha njia ya sauti kama faili lina ya pili, au acha kiboksi kifungue chenyewe.

Picha nyeusi kwenye video za harusi ina sababu moja ambayo mafundi wengi wanaipita: kamera za kisasa zinarekodi 10-biti 4:2:2, yaani rangi zenye taarifa nyingi zaidi, ambayo inampa mhariri nafasi ya kurekebisha rangi, lakini chipu za TV kwa kawaida zinajua 4:2:0 tu. Faili sio bovu, TV haijafundishwa. Kompyuta inaicheza kwa VLC, TV inakataa, na mpiga picha anaapa kazi yake ni nzima na ni kweli.

Dawa ni HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video. Geuza nakala iwe kodeki ya H.264 au HEVC, 8-biti, megabiti 20 hadi 30 hivi, iache usiku kucha. Tiki pia ile sehemu ya kuboresha kwa wavuti, inahamisha faharasa ya MP4 kutoka mwisho wa faili kuja mwanzoni, video inaanza mara moja. Ile harusi ya Tanga niliifanyia hivi, na bibi akaangalia kuingia kwa bibi harusi mara nne mfululizo. Lakini faili la asili LISIFUTWE, liweke pembeni, siku moja TV zitalifungua na ukishapunguza hutaweza kurudisha.

NAS inapata moto na feni inapiga kelele nikicheza video.

Inatransikodi, maana yake TV imesema siiwezi hii na seva inaigeuza papo hapo wakati unaangalia, kazi nzito. Kwenye Jellyfin fungua dashibodi wakati video inacheza, itakuandikia sababu, soma hiyo sababu usibahatishe. Mara nyingi ni sauti, au apu ya TV imewekewa kikomo cha spidi kwenye setingi zake, weka cha juu kabisa.

Au ni sabutaito! Sabutaito za SRT ni maandishi, nyepesi. Zile za PGS ni picha, seva inalazimika kuzichoma juu ya video nzima, yaani kubonyeza sabutaito tu kunaiamsha kazi yote hiyo. Zizime ujaribu. Na zikionyesha vialama vya ajabu badala ya herufi, fungua SRT kwenye notipadi, ihifadhi upya kwa UTF-8.

Ikianza inachelewa sekunde kumi, baada ya hapo safi.

Diski ilikuwa imelala. Ni kawaida, ongeza muda wa kulala kama inakukera.

Umeme unakatika mara kwa mara, video zitaharibika?

Kuangalia tu hakuharibu, kuandika ndiko. Umeme ukikatika katikati ya kunakili unaweza kupoteza folda. Weka UPS (betri ya akiba) ndogo kwa NAS na ruta, hata ya dakika kumi ili uzime kwa utaratibu. Na diski mbili kwenye NAS zinazofanana sio nakala ya akiba, ukifuta kwa moja inafutika kwa nyingine, na mwizi anabeba zote. Akiba ni diski ya tatu inayokaa kwa ndugu nyumba nyingine.

Niko Toronto, video ziko nyumbani Mombasa, naweza kuangalia?

Unaweza, na hapa sasa ndipo intaneti inahusika, tena spidi ya kupandisha ya Mombasa sio ya kushusha ya kwako. Pima kupandisha kwanza, kama ni megabiti 10 basi weka Jellyfin iteremshe mpaka 6 hivi. Usifungue poti 445 ya SMB kwenye ruta ya wazee, ni kuacha mlango wa nyumba wazi. Tumia WireGuard au Tailscale, programu za kutengeneza njia ya siri (VPN) mpaka nyumbani, unakuwa kama uko ndani ya nyumba yao.

Nimefuata yote na bado.

Nitumie haya ndiyo nitaweza kukusaidia: ukubwa wa faili na urefu wake, flashi ilitoa jibu gani, iperf3 ilitoa ngapi, TV au kiboksi modeli gani, na kama inaganda sehemu ile ile kila mara au inahamahama. Hilo la mwisho msilisahau, ikiganda sekunde ile ile kila ukiirudisha ni faili au mlango mdogo, ikihamahama ni waifai au diski inaanza kufa, na kama ni diski usisubiri jibu langu, anza kunakili picha za familia sasa hivi.